Saini za wanamichezo wastaafu kwa njia ya posta: Mwongozo kwa wakazi wa Busia na Tororo

John Akii-Bua alifariki dunia mwezi Juni mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 47. Miaka 25 kabla ya hapo, mjini Munich, Ujerumani, aliruka viunzi vya mita 400 kwa sekunde 47.82, akawa binadamu wa kwanza kumaliza mbio hizo chini ya sekunde 48 na Mganda wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki. Tangu siku ya kifo chake hakuna tena awezaye kupata saini yake mpya. Zilizopo ni zile alizoziweka mwenyewe akiwa hai, kwenye picha, vitabu na vipande vya karatasi vya watu waliopata wasaa wa kumwomba.

Jambo hilo ndilo linaloipa uzito desturi inayoonekana, kwa mtazamo wa haraka, kuwa mchezo wa watoto: kukusanya saini za wanamichezo wastaafu kwa njia ya barua. Kwa mkazi wa Busia au Tororo, ambaye mashujaa wake wa michezo wako pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, desturi hii ina urahisi wake na pia ugumu wake. Makala haya yanaeleza jinsi inavyofanyika.

Desturi yenyewe

Mkusanyaji humwandikia mwanamichezo barua fupi, akaambatanisha kadi au picha ya kutiwa saini pamoja na bahasha ya pili iliyokwisha kubandikwa stempu na kuandikwa anwani ya mkusanyaji. Mwanamichezo hutia saini, huweka kadi ndani ya bahasha hiyo na kuirudisha posta. Hagharimiki chochote isipokuwa dakika chache za muda wake.

Nchini Marekani desturi hii imeshamiri hasa miongoni mwa wapenzi wa besiboli, ambao hutuma kadi zenye picha za wachezaji. Ujerumani, vilabu vya soka huchapisha kadi maalumu kwa ajili ya mashabiki wanaoomba saini. Wakusanyaji wengi huwapendelea wastaafu kwa sababu iliyo wazi: mchezaji aliye uwanjani hupokea maombi mengi kuliko awezavyo kujibu, na mara nyingi barua zake hufunguliwa na wafanyakazi wa klabu. Mstaafu ana nafasi zaidi, na barua inayomkumbuka baada ya makofi kunyamaza inaweza kumgusa kwa namna ambayo haikuwezekana siku za umaarufu wake.

Posta moja iliyogawanyika

Wazee wa mpakani wanakumbuka wakati ambapo barua ya Tororo na barua ya Busia zilisafiri chini ya posta moja. Kuanzia mwaka 1935 zilitumika stempu zenye majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Baadaye Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, ambalo makao yake makuu yalihamishiwa Kampala, lilihudumia nchi zote tatu hadi Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Tororo, mji wa reli ambamo njia ya kuelekea Mbale na Soroti huachana na ile ya Jinja na Kampala, ilikuwa kituo muhimu cha safari hizo.

Mwaka 1976, utengano ulipokuwa umeanza, zilitolewa stempu za kuadhimisha Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Juu yake zilikuwapo picha za Akii-Bua wa Uganda, Filbert Bayi wa Tanzania na bondia Stephen Muchoki wa Kenya. Kinaya ni kwamba nchi zote tatu zilisusia michezo hiyo, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeshindana Montreal. Kwa mkusanyaji wa leo, stempu hizo ni miongoni mwa vitu bora vya kuombea saini, kwa kuwa zinabeba historia ya michezo na ya posta kwa wakati mmoja.

Tatizo la stempu ya jibu

Hapa ndipo mkazi wa mpakani anapopaswa kuwa makini. Stempu ya nchi moja haitumiki kutuma barua kutoka nchi nyingine. Mtu wa Tororo akimwandikia mwanariadha aliyeko Eldoret na kubandika stempu ya Uganda kwenye bahasha ya jibu, bahasha hiyo haina thamani mikononi mwa posta ya Kenya. Mzee aliyekubali kutia saini atalazimika kununua stempu mwenyewe, na wengi hawatafanya hivyo. Barua nyingi zisizojibiwa hazikukataliwa na mtu. Zilikwama kwa sababu ya stempu.

Kwa miaka mingi suluhisho la kimataifa lilikuwa kuponi ya jibu, iliyobuniwa na Umoja wa Posta Duniani katika mkutano wake wa Roma mwaka 1906. Mwandishi huinunua nchini kwake, na mpokeaji huibadilisha kwa stempu za nchi yake. Lakini kuponi hizo zimeendelea kuadimika: Uingereza iliacha kuziuza mwishoni mwa mwaka 2011 na Marekani mwanzoni mwa mwaka 2013. Asitegemee kuponi mtu ambaye hajamuuliza kwanza karani wa posta.

Mkazi wa Busia ana njia nyepesi kuliko hiyo. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa, na tangu Februari 2018 kituo cha pamoja cha mpakani Busia kimefunguliwa rasmi, ili msafiri akaguliwe mara moja tu upande anaoingia. Anayemwandikia mwanamichezo wa Kenya anaweza kuvuka, kununua stempu za Kenya na kuituma barua kutoka upande huo huo. Mkenya anayemwandikia mwanamichezo wa Kampala au Kapchorwa hufanya vivyo hivyo upande wa Uganda.

Inafaa zaidi ikiwa ana ndugu au rafiki mwenye sanduku la posta ng'ambo ya pili. Familia nyingi za Wasamia na Waiteso zina jamaa pande zote mbili. Bahasha ya jibu ikiandikwa anwani ya jamaa huyo, barua yote huwa ya ndani ya nchi: gharama hupungua na nafasi ya kupotea nayo hupungua.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kuna Busia mbili, na zote mbili ni makao makuu: moja ya Kaunti ya Busia nchini Kenya, nyingine ya Wilaya ya Busia nchini Uganda, iliyomegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Kuandika “Busia” peke yake ni kuikaribisha barua ipotee. Jina la nchi liandikwe kwa herufi kubwa kwenye mstari wa mwisho, na kwa upande wa Kenya iongezwe namba ya posta, 50400.

Nani aandikiwe, na kupitia wapi

Kanuni ya kwanza ni kutotafuta makazi ya mtu. Mwanamichezo ana haki ya faragha, na barua inayofika mlangoni bila kutarajiwa humtia mtu wasiwasi. Njia ya heshima ni kupitia taasisi aliyoitumikia au aliyoianzisha.

Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1968 na wa kuruka viunzi na maji mwaka 1972, anafahamika Eldoret kwa shule na makao ya watoto aliyoyaanzisha pamoja na mkewe. Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kushinda mbio za marathoni za New York mwaka 1994, aliunda wakfu wa amani unaobeba jina lake. Wanariadha wengi wa nchi zote mbili waliajiriwa na jeshi, polisi au magereza, na ofisi za michezo za vikosi hivyo hufahamu walipo. Stephen Kiprotich, aliyeipatia Uganda dhahabu ya marathoni London mwaka 2012, alitoka katika kikosi cha Magereza. Dorcus Inzikuru, bingwa wa kwanza wa dunia wa mbio za wanawake za kuruka viunzi na maji, Helsinki mwaka 2005, anaweza kutafutwa kupitia shirikisho la riadha la Uganda.

Kwa wachezaji wa soka zipo ofisi za FUFA, Kampala, na za vilabu vya zamani. AFC Leopards, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye mashabiki wengi magharibi mwa Kenya, na Gor Mahia, iliyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, zina wastaafu ambao majina yao yangali midomoni mwa wazee wa Busia. Wengine wako mbali zaidi: bondia John Mugabi, mshindi wa medali ya fedha Moscow mwaka 1980, alihamia Australia. Kwa mtu kama huyo, jamaa anayeishi nchi husika ndiye msaada bora wa kupata stempu za jibu.

Barua yenyewe

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Iandikwe kwa mkono, kwa maandishi yanayosomeka, na iseme jambo moja la kweli linalomhusu anayeandikiwa. Kiswahili kinatosha kwa Mkenya na kwa Waganda wengi waliopitia vikosi. Mfano ni huu:

“Mzee wetu mpendwa, salamu nyingi kutoka Tororo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Marehemu baba yangu alituhadithia mara nyingi jinsi Uganda ilivyofika fainali ya Kombe la Afrika mjini Accra mwaka 1978, na jina lako hakulisahau. Ikiwa afya na nafasi vinakuruhusu, naomba uweke saini kwenye kadi moja niliyoambatanisha. Bahasha ya kurudisha ina stempu na anwani. Ukiona vema, niandikie pia mstari mmoja kuhusu siku ile, nikawasomee wanafunzi. Mungu akujalie afya njema.”

Kadi ziwe moja au mbili, si zaidi. Anayetuma kumi hudhaniwa kuwa mfanyabiashara. Pesa taslimu zisiwekwe ndani ya bahasha. Wala kisitumwe kitu kisichoweza kupatikana tena, kama picha pekee ya familia, kwa kuwa hakuna posta duniani isiyopoteza barua. Kipande cha kadibodi ndani ya bahasha huzuia kadi isikunjike.

Baada ya hapo hubaki subira. Jibu huweza kuja baada ya wiki tatu, baada ya mwaka, au lisije kabisa. Barua ya pili ya kukumbusha inaruhusiwa baada ya miezi kadhaa. Ya tatu ni usumbufu. Mzee ambaye mkono wake unatetemeka au macho yake yamefifia hana deni kwa mtu yeyote.

Saini ya kweli na ya bandia

Palipo na soko, hapakosi waghushi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliuvunja mtandao mkubwa wa walioghushi saini za wanamichezo, katika operesheni iliyopewa jina la Bullpen. Miongoni mwa vitu vilivyokamatwa ni mipira ya besiboli yenye saini za kughushi za Mama Teresa.

Hata saini iliyorudi kwa posta yahitaji kuangaliwa. Huenda imechapwa na mashine pamoja na picha, huenda ni muhuri, huenda imewekwa na katibu au mtoto wa mwanamichezo. Saini ya wino huacha alama ya mgandamizo au tofauti ya unene wa mstari inapotazamwa kwa pembeni kwenye mwanga. Iliyochapwa huwa bapa. Kuomba saini iambatane na jina la mwombaji husaidia kuthibitisha ukweli wake na humpunguzia mwanamichezo hofu kwamba itauzwa kesho.

Kutunza

Bahasha ya jibu isitupwe. Muhuri wa posta wenye tarehe na mahali ndio ushahidi wa karibu zaidi kwamba kadi ilitoka ilikosemwa. Mkusanyaji aandike daftarini tarehe ya kutuma, tarehe ya kupokea na anwani aliyotumia. Jua hufifisha wino, unyevu huzalisha ukungu, na mchwa hawajui tofauti ya saini na gazeti kuukuu. Hivyo kadi zihifadhiwe ndani ya mifuko ya plastiki, katika sanduku la bati, mbali na sakafu na ukuta.

Chenye thamani kuliko vyote mara nyingi si saini bali ule mstari mmoja ulioombwa. Akii-Bua alikimbilia Kenya utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979 na akaishi kwa muda katika kambi ya wakimbizi kabla ya kwenda Ujerumani. Ni watu wangapi wa mpakani waliomwona akipita, na ni wangapi waliomuuliza habari zake na kuziandika? Waliocheza Accra mwaka 1978 sasa ni wazee. Barua, bahasha mbili na stempu za nchi inayostahili ndizo gharama zote za kuwauliza wakati wangalipo.