Ngomeni: roketi za jana na safari za anga za kesho

Mto Sabaki humwaga maji yake Bahari ya Hindi, kaskazini ya mji wa Malindi, Kenya. Mbele kidogo kwenye pwani hiyo, karibu na kijiji cha wavuvi cha Ngomeni, majukwaa mawili ya chuma yamesimama baharini: San Marco na Santa Rita. Hapo ndipo mahali pekee Afrika Mashariki palipowahi kurushwa setilaiti.

Mradi huo ulikuwa wa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1962 Italia ilipatana na NASA: Marekani itoe roketi za Scout na mafunzo, Italia itengeneze setilaiti na kituo. Pwani hii ilifaa kwa kuwa iko takriban nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Hapo ardhi huzunguka kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki huondoka na mwendo huo, ikaokoa fueli. Tena mashariki ni bahari tupu, hivyo vipande vinavyoanguka havidhuru mtu.

Santa Rita, lililokuwa jukwaa la mafuta, ndilo lililotangulia, na mwaka 1964 likarusha roketi ndogo za utafiti. Baadaye likawa chumba cha waongozaji, na kazi ya kurusha ikahamia San Marco. Huko roketi iliunganishwa ikiwa imelazwa bandani, kisha ikasimamishwa. Setilaiti San Marco 2 iliruka tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, ilirushwa Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza eksirei za angani. Hadi Machi 1988 setilaiti 9 zilikuwa zimeruka. Scout zilistaafishwa mwaka 1994.

Hata hivyo, antena za kituo cha nchi kavu hazikunyamaza. Chombo kinachozunguka karibu na dunia huonekana na kituo kimoja kwa dakika chache tu, kwa hiyo vituo vingi hupokezana. China imetumia Malindi kufuatilia vyombo vya Shenzhou vinavyobeba wanaanga, na tarehe 25 Desemba 2021 kituo hicho kilipokea mawimbi ya darubini ya James Webb.

Siku hizi nafasi ya kwenda angani hununuliwa. Taifa-1, setilaiti ya Kenya, iliruka kutoka California tarehe 15 Aprili 2023 kwa roketi Falcon 9 ya SpaceX, pamoja na mizigo ya wateja wengine. Roketi za aina hiyohiyo hupeleka wanaanga, na tangu 2021 abiria wa kulipiwa pia. Falcon 9 ina urefu wa mita 70. Scout haikuzidi 25. Majukwaa ya Ngomeni hayawezi kuibeba Falcon 9, na safari za watu kuelekea Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachopita mbali kaskazini na kusini ya ikweta, hazifaidiki sana na ukaribu wa ikweta. Faida ya pwani hii imebaki kwa setilaiti zinazozungukia juu ya ikweta, na kwa antena zinazosikiliza vyombo vinavyopita.