Nani atasoma dozi? Somo kutoka ng'ambo ya Tanganyika

Siku moja niligawia bamama wa komite moja dawa ya wadudu, pamoja na fishi niliyoandika mwenyewe. Kwenye nyumba moja hakukuwa mtu mzima wa kuisoma. Mtoto wa primeri ndiye alisoma, akachukua mililita kuwa santilita. Maharagi yote yakaungua. Kosa lilikuwa langu: nilipima udongo, lakini sikuuliza nani atasoma.

Njo maana historia ya jirani zetu Watanzania inanigusa. Mwaka 1967, watu wazima 67 kwa 100 kule hawakujua kusoma. Mwaka 1968, serikali pamoja na UNESCO ikaanza mradi kandokando ya ziwa Victoria: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Mkulima wa pamba alijifunza herufi ndani ya kitabu cha pamba, mvuvi ndani ya kitabu cha uvuvi. Nyerere akatangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kazi ikaenea inchi nzima.

Haikuwa hotuba tu. Serikali ilitia feza: vitabu, waratibu, posho kidogo ya walimu, wengi wao watu wa kujitolea. Uswidi pia ilisaidia. Ili msomaji mpya asisahau, kulikuwa maktaba za vijijini na gazeti Elimu Haina Mwisho. Mwaka 1975 wasiojua kusoma walibaki 39 kwa 100, na mwaka 1986 karibu 10 tu.

Kisha feza ikapungua. Vita na Idi Amin (1978-1979) ilikula hazina, uchumi ukaanguka, na mwaka 1986 yakaja mapatano na FMI. Elimu ya watu wazima ikakosa nguvu. Sensa ya 2002 ilikuta zaidi ya robo ya watu wazima hawajui kusoma. Kwa hiyo kisomo ni kama shamba: ukiacha kupalilia, magugu yanarudi, hata kama msimu uliopita ulivuna vizuri.

Na sisi? Katiba yetu ya 2006, artikele ya 43, inasema shule ya msingi ni ya bure. Ilingoja mpaka 2019 ili serikali ianze kuitekeleza kwa inchi nzima. Artikele ya 44 inaifuata palepale: kumaliza ujinga wa kusoma ni wajibu wa taifa, na serikali inapashwa kuutengenezea programu yake. Ile ya 43 tunaijua sote, juu inagusa watoto wetu. Ile ya 44 ni ya wazazi wao, na ni wachache wanaiulizia wakati bajeti inapigiwa kura.

Mimi sasa, mbele ya kugawa dawa, ninaanza na kikombe cha kupimia na namba kumi za kwanza. Lakini kikombe changu hakiwezi kuchukua nafasi ya bajeti. Wenye kusoma sheria na uchumi humu ndani, munasema nini: tuanzie wapi kuiulizia ile artikele ya 44?