Tarikhi ya Herufi C Katika Betri za Lithiamu

Juu ya betri ndogo za lithiamu zirushazo ndege za mfano na zile zisizo na rubani huandikwa tarakimu yenye kufuatwa na herufi C, nayo aghalabu mnunuzi huisoma kana kwamba ni alama ya ubora, ilhali ni kipimo cha kasi tu: betri ya miliampea-saa 5000, ikiandikwa 20C, mtengenezaji adai kwamba yaweza kutoa mkondo wa ampea 100, na kwa kasi hiyo itakauka kwa dakika 3. Nasema adai kwa makusudi, maana wachuuzi wamezoea kuitia chumvi tarakimu hiyo.

Betri hizi hazikuzaliwa na nguvu za namna hiyo. Stanley Whittingham alipoifungua njia katika miaka ya 1970, na John Goodenough huko Oxford, mwaka 1980, alipoonyesha manufaa ya oksidi ya kobalti, kisha Akira Yoshino wa Japani, mwaka 1985, akaunda betri isiyo na lithiamu tupu ndani yake, hata Sony ikaiuza kwa umma mwaka 1991, haja ilikuwa akiba kubwa katika uzito mdogo, kwa ajili ya kamera na simu, vyombo visivyodai umeme kwa pupa. Ni baadaye, tabaka za ndani zilipofanywa nyembamba na ukinzani ukapungua, ndipo zikaweza kurusha chombo.

Mwaka 2018, kampuni za DHL na Wingcopter na shirika la GIZ la Ujerumani zilipojaribu kupeleka dawa kwa ndege isiyo na rubani kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa takriban dakika 40, chombo chao kilipaa wima kwanza, na ni katika kupaa huko ndipo betri hudaiwa mkondo mwingi kupita wakati wowote. Mabawa yakishashika upepo, dai hupungua.

Huko Lupingu, kijiji cha ufukoni mwa Ziwa Nyasa, hesabu ni ngumu zaidi kwa arushaye kuelekea Njombe. Uso wa ziwa hilo uko kama mita 475 juu ya bahari, na mji wa Njombe, ng'ambo ya milima ya Livingstone, karibu mita 2000, ambako mwezi Juni na Julai sakitu si jambo la ajabu. Baridi huuzidisha ukinzani wa ndani, hata betri iliyotoa ampea zake bila taabu katika joto la ufukoni, ikifika huko juu volti zake huanguka ghafula na akiba ingalimo. Na kwa kuwa hewa ni haba, mapanga hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na mkondo huongezeka. Mrushaji wa Njombe na achukue betri yenye C kubwa kuliko hesabu yake, aitunze katika joto la nguo zake kabla ya kurusha, wala asiiache seli moja ishuke chini ya volti 3.