Bei Isiyo na Maelezo: Kutoka Bangla-Pesa Hadi Ajenti wa Akili Unde

Nawaandikia tena kutoka Ekerenyo, na kabla hujadhani nimeleta habari za majani chai, leo tuongee historia ya kitu ambacho waandishi wengi wa programu hukikimbia: kuandika maelezo ya matumizi. Yaani yale maandishi yanayosema chombo hiki kinafanya nini, kinatoa namba gani, na namba hiyo ina maana gani.

Siku hizi naandika maelezo ya chombo kidogo kinachovuta data za sarafu za kidijitali ili kitumiwe na ajenti wa akili unde. (Hapa kwetu ukisema "ajenti" watu hugeuka kutazama kibanda cha M-Pesa. Namaanisha programu inayopewa kazi, ikachagua yenyewe vyombo vya kutumia, kisha ikaleta jibu.) Kazi hiyo imenirudisha kwenye visa vya zamani ambavyo naona vinafaa kusimuliwa.

Tuanze Mombasa. Mwaka 2013 wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa, katika mradi ulioongozwa na Will Ruddick, mwanzilishi wa shirika la Grassroots Economics. Wazo lilikuwa rahisi: muuza maji na fundi viatu wote wana cha kuuza, ila shilingi imeadimika, basi wapokezane vocha. Serikali haikufurahi. Ruddick na wenzake kadhaa wakakamatwa, na mashtaka yakaondolewa mwaka huohuo. Ukiniuliza mimi, sehemu kubwa ya ule ugomvi ilikuwa ya maelezo tu. Karatasi ile ni pesa bandia au ni vocha? Waliokuwa wakiitumia walijua. Aliyeitazama kutoka mbali aliona karatasi yenye neno "pesa".

Baadaye vocha zikahamia kwenye simu, zikaitwa Sarafu, na miamala yake ikawa inaandikwa kwenye mnyororo wa bloku. Mtu wa Kinango au Mukuru alitumia simu ya kawaida kwa USSD, bila intaneti. Corona ilipoingia mwaka 2020 matumizi yakapanda sana. Halafu likatokea jambo ambalo kwangu ndilo muhimu kuliko yote: data ya miamala ya kuanzia Januari 2020 hadi Juni 2021, ya watumiaji wapatao 40,000, ikaondolewa majina na namba za simu, ikatolewa kwa watafiti, na mwaka 2022 makala ya kuieleza ikachapishwa katika jarida la Scientific Data. Makala nzima ya kisayansi, na kazi yake kubwa ni kueleza kila safu ya jedwali ina nini!

Kwa nini ilihitajika? Hebu fikiria umepewa jedwali hilo bila maelezo. Unaona safu ya kiasi, unajumlisha, unatangaza kwamba biashara ya vijijini imefikia kiwango fulani. Kumbe miamala haikuwa ya aina moja. Ipo ya kawaida, mtu kumlipa mtu. Ipo ya mfumo wenyewe kugawa Sarafu kwa watumiaji. Ipo ya mfumo kuzirudisha. Ukizichanganya, umehesabu zawadi kama mauzo. Tena Sarafu 1 ilichukuliwa kuwa na thamani inayokaribia shilingi 1, lakini haikuwa shilingi. Mtafiti makini angeuliza. Programu haiulizi; inajumlisha tu.

Na msidhani haya ni ya vijijini pekee. Tarehe 8 Januari 2018 tovuti ya CoinMarketCap, iliyokuwa ikitazamwa na dunia nzima kwa bei za sarafu hizi, iliondoa baadhi ya masoko ya Korea Kusini katika hesabu ya wastani wa bei, bila kutangaza kwanza. Bei za Korea zilikuwa juu kuliko kwingine, hivyo wastani ukashuka ghafla. Thamani ya jumla iliyoonyeshwa ikapungua kwa zaidi ya dola bilioni 100, na watu wakaanza kuuza kwa hofu. Maelezo yalikuja baada ya moshi kufuka. Ni kama mtu akupe "bei ya mkungu wa ndizi" kwa kuchanganya Ekerenyo na Nairobi, kisha siku moja aitoe Nairobi asikwambie. Wewe utadhani ndizi zimeoza.

Upande wa mashine kusoma maelezo nao una historia yake. Mwaka 2011 Tony Tam, akiwa Wordnik, kampuni ya kamusi ya mtandaoni (kamusi! nimeipenda hiyo), alitoa Swagger, njia ya kuieleza API kwa muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma. Baadaye ikaitwa OpenAPI. Huku kwetu M-Pesa ilianza Machi 2007, lakini lango la Daraja kwa waandishi wa programu lilifunguliwa mwaka 2017. Katikati hapo wapo walioandika programu za kusoma ujumbe wa SMS wa uthibitisho, neno kwa neno. Maneno ya ujumbe yakibadilika kidogo, programu inaanguka.

Halafu Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa utaratibu uitwao MCP, ambapo kila chombo humjia ajenti kikiwa na jina, maelezo, na orodha ya vitu kinavyohitaji. Ajenti husoma maelezo hayo ndipo aamue akitumie au asikitumie. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Zamani maelezo mabaya yalimchosha msomaji, akampigia simu aliyeandika. Sasa maelezo ni sehemu ya programu yenyewe: sentensi ikiwa na utata, ajenti anakisia, na anakujibu kwa ujasiri kabisa.

Basi mimi naandika nini? Kwanza, utambulisho. Sarafu nyingi hutumia kifupisho kimoja, hivyo ajenti lazima atumie kitambulisho kamili. Ita "Nyaboke!" sokoni Ekerenyo uone wangapi watageuka, ndiyo maana pesa hutumwa kwa namba. Pili, saa. CoinGecko, kwa mfano, hutoa muda kwa sekunde katika ombi la bei ya sasa, lakini kwa milisekunde katika historia ya bei. Ukizichanganya unajikuta mwaka wa 50,000 na ushee. Zaidi ya hapo, muda huo huhesabiwa kwa UTC, saa 3 nyuma ya Kenya, na sisi tukisema "saa tatu asubuhi" saa ya ukutani inaonyesha 9. Kwa hiyo mtu wa hapa akimwuliza ajenti bei ya saa tatu, jibu sahihi liko kwenye 06:00. Hilo nimeliandika kwa mfano kamili, maana hakuna atakayelikisia.

Oktoba 2025 Kenya ilipata sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, kwa hiyo maswali haya yataulizwa na watu wengi zaidi, wengine wakiwa na karo ya mtoto mkononi. Sehemu iliyonichukua muda mrefu ni ya bei isipopatikana. Vyombo vingi hurudisha 0. Changu kinarudisha nafasi tupu pamoja na sababu, na maelezo yanamwambia ajenti waziwazi: tupu si sifuri, usijumlishe, mwambie aliyeuliza kwamba bei haikupatikana, na umtajie saa iliyotafutwa.