Neno "Mhuni" na Safari Yake

Leo tutajifunza neno moja mnalolijua sana, nalo ni mhuni. Liandikeni katika madaftari yenu. Ndani yake limo tendo kuhuni, maana yake kutangatanga bila shughuli maalum. Kutokana na tendo hilo twapata mhuni, wahuni, uhuni na kihuni.

Je, mhuni ni nani? Mtu apigaye makelele usiku na kufanya fujo bila kumjali jirani, wote tutasema huyo ni mhuni. Lakini neno hili lina maana nyingine ya zamani, nayo ni mtu asiyeoa. Ni rahisi kuona ujirani wa maana hizo. Asiye na mke wala watoto hana wa kumwuliza akicheza ngoma mpaka alfajiri.

Sasa twende Dar es Salaam. Mwaka 1948 mji ule ulikuwa na watu 69,227. Mwaka 1957 walifika 128,742. Vijana wengi walitoka mashambani kutafuta kazi, na kazi hazikuwatosha. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kutunga sheria, mwaka 1944, ya kumwondoa mjini mtu asiye na kazi ya kudumu wala njia njema ya kujipatia riziki. Aliyekamatwa alirudishwa kwao. Sheria ile iliandikwa kwa Kiingereza, lakini mjini watu hao waliitwa wahuni. Hivyo mfanya fujo na asiye na kazi wakatiwa kapu moja, ingawa kosa la huyu wa pili lilikuwa umaskini tu.

Wala jambo hili halikwisha na ukoloni. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu walioonekana hawana kazi walikamatwa tena Dar es Salaam, wakapelekwa vijijini.

Siku hizi marafiki huitana mhuni kwa kucheka, na hapana ugomvi. Lakini mwite mkweo hivyo, uone!

Basi shikeni hili: uhuni ni tendo. Kabla ya kumwita mtu mhuni, ulizeni, "Amefanya nini?" Kama jibu ni "Hana kazi," jina hilo si lake.

Zoezi: Andikeni sentensi mbili, moja yenye neno uhuni, ya pili yenye neno kihuni. Kisha someaneni.

Kwaherini.