Nakala na Uthibitisho: Hifadhi ya Kumbukumbu za Ardhi Yaeda Chini, 1964–2011

Katika ofisi ndogo inayoendesha programu zake ndani ya kontena za kompyuta, kontena huweza kufutwa na kuundwa upya wakati wowote. Kilichoandikwa ndani yake hupotea pamoja nayo, isipokuwa kimewekwa katika hifadhi ya kudumu iliyo nje. Mfumo wa Ceph, ulioelezwa na Sage Weil na wenzake mwaka 2006, husambaza nakala za data katika seva kadhaa, na hali ya mfumo huthibitishwa na waangalizi walio wengi. Kati ya waangalizi watatu wakibaki wawili, kazi huendelea. Akibaki mmoja, mfumo husimama hata kama nakala iliyopo ni nzima. Wingi wa nakala, kwa hiyo, si uthibitisho.

Tofauti hiyo inaangaza historia ya Wahadzabe wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu. Kambi zao zilivunjwa na kujengwa kwingine, lakini kumbukumbu za maji, mizizi na asali hazikuvunjika nazo: zilikaa vichwani mwa watu wengi, na kifo cha mzee mmoja hakikuzifuta. Kasoro ilikuwa kwamba dola haikuwatambua wenye kumbukumbu hizo kuwa mashahidi wa miliki. Mpango wa kuwaweka katika makazi ya kudumu ulianza Yaeda mwaka 1964. Mwaka 2007 kampuni ya kigeni ya uwindaji, iliyokuwa imepewa eneo la bonde hilo, ilijiondoa baada ya kupingwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ilifungua njia nyingine. Chini yake, hatimiliki ya kimila hukaa kwa mwenye haki, kijiji hutunza rejista, na ofisi ya ardhi ya wilaya husajili. Mwaka 2011, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe walipata hatimiliki za pamoja za takriban hekta 20,000.

Hati hizo hazikuzalisha kumbukumbu mpya. Ziliipa ile ya zamani wathibitishaji ambao dola huwasikiliza. Nguvu yake itadumu iwapo wanakambi wenyewe watabaki miongoni mwa wathibitishaji hao. Rejista isiyojulikana na wanaoitegemea ni nakala nzima iliyobaki peke yake.