Ndoa ya Kibodi

Mwaka 1997, mhandisi Jim Kardach wa Intel alipendekeza redio mpya ya masafa mafupi iitwe kwa jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald Bluetooth. Mfalme huyo aliunganisha makabila. Redio nayo ingeunganisha simu na kompyuta. Jina lilikuwa la muda tu. Limedumu.

Linux iliipokea mapema. Mwaka 2001, programu ya BlueZ, iliyozaliwa Qualcomm, iliingia kwenye kiini chake. Kwenye kompyuta za Linux, kibodi isiyo na waya inayotumia Bluetooth kwa kawaida hupita mlango huo.

Kuoanisha ni neno lenye ndoa ndani yake. Kompyuta na kibodi hupeana ufunguo wa siri, kila upande ukatunza wake. Linux huuweka kwenye /var/lib/bluetooth. Ukiwa na Windows na Linux kwenye mashine moja, zote mbili hutumia anwani moja ya redio. Ukioanisha upande wa Windows, kibodi husahau ufunguo wa Linux. Ukirudi, inakataa kuunganika, na wala hakuna kilichoharibika.

Lakini vifaa vingine vya zamani, kama baadhi ya vipanya, havitunzi ufunguo wowote. Kwa ajili yavyo BlueZ iliacha mlango wazi. Mwaka 2020 watunzi wake waliweka kitasa, ClassicBondedOnly, ila hawakukifunga, ili vifaa vikongwe visiachwe nje. Desemba 2023, mtafiti Marc Newlin alionyesha kuwa mtu aliye karibu angeweza kujifanya kibodi na kuchapa amri kwenye kompyuta ya mwingine. Kitasa kikafungwa.

Hapa Nakapanya, kando ya barabara ya Tunduru kwenda Masasi, ninakoandikia tasnifu yangu, uamuzi kama huo hufika pamoja na masasisho, bila kubisha hodi. Kibodi ya mtumba iliyofanya kazi jana, leo iko kimya. Mwenye pesa hununua nyingine. Asiye nazo hufungua bluetoothctl: remove, kisha scan on, pair, achape kwenye kibodi tarakimu zinazotokea kwenye skrini na kubonyeza Enter, halafu trust na connect. Mara nyingi hiyo yatosha.

Ikishindikana, faili la /etc/bluetooth/input.conf linaruhusu kitasa kifunguliwe tena. Kibodi itaamka, na huenda aliye ndani ya masafa akaweza kuingia. Kijijini utasema majirani ni watu wema. Katika bweni la chuo au stendi ya mabasi hutasema hivyo.

Usalama haukuwa na gharama sawa kwa wote: aliyeulipia zaidi ni mwenye kifaa cha zamani. Angalau kwenye Linux sheria imeandikwa mahali panaposomeka, na anayeiasi anajua anaasi nini.